Matundu Mawili Chini ya Soli

Jumatatu, 13 Mei

Daftari hili nimepewa Ilembula nilipokwenda kliniki ya presha. Nesi aliniambia, "Baba Vitus, kila siku andika namba, na pembeni andika ulikuwa unafanya nini." Haya. Leo ni 158 kwa 96. Nilikuwa ninashona kiatu. Kesho itakuwa hivyo hivyo na keshokutwa pia, maana nimekaa kwenye kigoda hiki pembeni mwa soko la mitumba la Makambako miaka thelathini na moja na sijawahi kufanya jambo jingine. Sijui yule nesi anategemea kusoma nini.

Mashine ya kupimia ni ya Hyasinta wa duka la dawa. Ananipima bure ili apate kunitania.

Jumanne, 14 Mei

155 kwa 95. Nilikuwa ninashona kiatu. Upepo umeng'oa turubai.

Ijumaa, 17 Mei

Yusto amefungua belo jipya la viatu. Meza yake iko hatua nne kutoka kwangu, na kila belo linapofunguliwa mimi hupewa wagonjwa: waliobanduka, waliochanika, waliopoteza kisigino. Leo kulikuwa na pea moja ya ajabu. Raba nyeusi, pana mbele, za kufunga kwa mikanda ya kunata, laini juu lakini chini ngumu kama ubao. Na kila soli ina matundu mawili marefu, yamekatwa sawasawa kama kwa rula, na ndani yake kuna kibati.

"Wazungu wamechoka," Yusto alisema. "Wanatoboa viatu vizima."

Nimeyaziba. Nilikata mpira wa tairi, nikapaka gundi, nikashona juu yake kwa mizunguko miwili, nikapiga rangi. Yusto alizigeuza geuza akasema fundi wewe ni mtu hatari. Nilijisikia vizuri siku nzima. 146 kwa 90.

Jumapili, 19 Mei

Kanisani. Nimemsubiri Oktavia mara mbili, kwenye kona ya reli na tena kwenye lango. Mke wangu siku hizi anatembea kama anahesabu mawe. Nilimwambia tutamkuta padri ameshafika komunyo. Akasema, "Wewe tangulia."

Jumatano, 22 Mei

Leo nina la kuandika.

Kama saa nne alifika dada mmoja kwa baiskeli ya gia, ile yenye matairi mapana. Alikuwa na tope kuanzia bega hadi goti. "Kamwene, baba," akanisalimia, nami nikajibu. Anaitwa Conjesta, kwao ni Njombe, kazi yake ni kubebesha miche ya parachichi. Anakata kikonyo cha mti bora, anakiunga juu ya mche wa kienyeji, anafunga kwa plastiki na nta, na miti miwili inakuwa mmoja. Wakulima kuanzia Njombe hadi huku kwetu wanamwita.

Alileta buti la mvua la mguu wa kushoto lililopasuka. Ndani lilikuwa limejazwa matambara. Alipoanza kuvua soksi nilimzuia. "Usivue, dada. Mimi natengeneza viatu, miguu ni mambo ya Mungu." Hilo ndilo neno langu kwa kila mteja. Aliyekaa sokoni muda mrefu kama mimi anajua soksi za watu zinaficha nini.

Akavua tu.

Mguu hauna vidole hata kimoja. Mbele umeishia butu, mfupi na mpana, na ngozi yake inang'aa, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. "Degedege," alisema. "Nilikuwa na miaka miwili, nikaangukia moto jikoni." Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja kijiji anakotoka.

Shida yake ni hii. Mguu usio na vidole haushiki pedali. Kukiwa na umande au mvua unateleza, na Alhamisi iliyopita uliteleza mteremkoni lori likiwa nyuma yake. Pikipiki hawezi, maana gia ya pikipiki inapigwa kwa vidole vya mguu wa kushoto. Na akivaa kiatu kinachosugua, lile kovu linafunguka kuwa kidonda. Mwaka jana kilikaa miezi mitano. Daktari amemwambia arudi tarehe 26 Julai. Kidonda kikifunguka tena kabla ya siku hiyo, baiskeli basi, na wataanza kuzungumza habari ya kukata.

"Nikiacha baiskeli nimeacha kazi," alisema. "Mashamba hayanifuati nyumbani."

Kisha akanionyesha pedali za baiskeli yake. Ni ndogo, zina meno ya chuma. Kiatu cha pedali hizi hufungwa kipande cha chuma chini ya soli, ukikanyaga kinanasa tak, mguu hautoki mpaka upindishe kisigino kwenda nje. Nilicheka.

"Yaani unajifunga kwenye baiskeli kama mbuzi?"

"Mbuzi aliyefungwa haangukii barabarani, baba."

Pedali anazo, zilikuja na baiskeli. Vyuma anavyo, kwenye kijaluba cha ugoro cha marehemu babu yake. Viatu ndivyo vimemshinda. Alipata pea Mbeya, soli nyororo kama sahani, za watu wa mashindano ya lami. Aliposhuka shambani aliserereka hadi kwenye mfereji. Akaagiza Dar es Salaam pea nyingine kwa bei ya mbuzi wawili, ikaja nyembamba, ikamtoa damu siku ya kwanza akairudisha. Anataka ngumu chini ili mguu usipindike, laini juu ili kovu lipumue, pana mbele, na meno marefu ya soli ili chuma kijifiche akitembea kwenye mawe. Na iwe bei ya mtu anayelipwa kwa mche.

"Utakijua kwa matundu," alisema. "Kila soli ina matundu mawili marefu. Hapo ndipo chuma kinapofungwa."

Nilisikia masikio yanapiga. Yusto, aliyekuwa anasikiliza, alitazama meza yake akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Sijui kama alisahau au alinihifadhi. Mimi niliinama nikashona buti.

171 kwa 102. Hyasinta aliacha kutania.

Alhamisi, 23 Mei

168 kwa 100. Nilikuwa ninashona kiatu. Huo ni uongo. Nilikuwa ninaziangalia zile raba.

Jumamosi, 25 Mei

Mwalimu wa kwaya amezijaribu. Zimemkaa barabara, akatoa pochi. Nilijisikia nikipaza sauti: "Mwalimu, hizo zina fangasi!" Akazitupa kama zimemuunguza. Yusto akanitazama kwa mdomo wazi, nikalazimika kuzinunua mwenyewe kulinda amani.

Jumanne, 28 Mei

Siku tatu nachimbua kazi yangu mwenyewe. Misharasi yangu miwili ya kutobolea imevunjika. Gundi yangu ni nzuri mno, na leo nimejuta kwa nini sikuwa fundi mbaya kidogo. Kwenye kibati nilitumia sindano na petroli, nikisafisha uzi wa skrubu mmoja mmoja, mpaka nikasikia skrubu inaingia bila kulalamika.

Nilipoondoa unyayo wa ndani niliona jinsi soli ilivyojengwa nikaacha kazi nikakaa. Katikati kuna kipande kigumu kisichokunjika, kimebeba uzito wote wa mkanyago. Mbele, sentimita chache tu, kinaisha, ili mtu akishuka aweze kutembea. Mtu fulani, mahali nisikokujua, alikaa akafikiria mkulima na mwendesha baiskeli ndani ya kiatu kimoja. Na mimi nilimzibia kazi yake kwa tairi. 160 kwa 97.

Jumamosi, 1 Juni

Conjesta amekuja kuchukua buti. Nikaweka zile raba mbele yake, chini juu, nikamwambia yote: belo, tairi, rangi, na siku ile nilivyonyamaza.

Alipitisha kidole kwenye tundu. "Nilijua, baba."

"Ulijua nini?"

"Zilikuwa zimelala ubavu kwenye meza. Umbo lake nalijua hata likizibwa. Na mshono wa mizunguko miwili ndio ule ule uliokuwa unaniwekea kwenye buti."

"Sasa mbona hukusema?"

"Viatu ningeendelea kutafuta, hata Iringa. Nilikuwa natafuta fundi wa kuniambia ukweli kuhusu huu mguu. Nikaona nisubiri."

Nina miaka hamsini na sita na nimepimwa na mtoto wa juzi, tena kwa kipimo cha haki.

Mguu wa kulia umeingia vizuri na soksi yake nene. Wa kushoto umeenea kwa upana, lakini mbele ni chumba kitupu. Sasa hiyo ndiyo kazi. 149 kwa 92.

Jumatano, 5 Juni

Nimejaza mbele kwa sponji ya godoro. Ameondoka anatabasamu.

Ijumaa, 7 Juni

Amerudi. Sponji imejikunja, ukingo wake umesugua, na kwenye kovu kuna doa jekundu kubwa kama punje ya hindi. Halijafunguka. Nimemwambia asipande baiskeli wiki nzima. 166 kwa 99.

Jumatano, 12 Juni

Baridi ya kweli imefika. Doa limepungua.

Nilifikiria nipate umbo la mguu wake, nichonge kitu cha kuufuata. Nikachukua unga wa maandazi wa Oktavia ulioumuliwa tangu alfajiri, Conjesta akakanyaga, likatoka umbo safi kabisa. Nikaliweka juani nikaenda kunywa chai. Niliporudi mguu ulikuwa umevimba na kuota tumbo. Hamira! Hyasinta alicheka hadi akaegemea ukuta. Oktavia hakucheka, maana ule ulikuwa unga wa wateja. Alikaanga mguu mzima vipande vipande akauza.

Jumamosi, 15 Juni

Conjesta ameleta kopo la nta anayotumia kuzibia miche. Tuliipasha moto, tukaisubiri ipoe hadi vuguvugu, akakanyaga taratibu. Alipoutoa mguu, nta ilibaki na kila kitu.

Nimelitazama lile umbo muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote cha kazi yangu. Nilidhani nitaona mguu ulioharibika. Nimeona mguu uliojijenga upya. Mfupa wa pembeni umenenepa kufanya kazi ya kidole gumba. Unyayo umetengeneza mto wake wa nyama, kidogo nyuma ya pale ulipo kwa watu wengine, na uzito wote unashuka hapo. Hakuna daktari wala fundi aliyeuambia. Umefanya wenyewe, mwaka baada ya mwaka, ndani ya matambara.

Na hapo nikaona kosa jingine. Chuma kinapaswa kukaa chini ya ule mto. Matundu ya kiwandani yako mbele mno kwake.

Jumatatu, 17 Juni

140 kwa 90. Nachonga soli za ndala, tabaka juu ya tabaka, kufuata nta.

Alhamisi, 20 Juni

Ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa ndani. Mshono wowote uliokuwa unagusa kovu nimeutoa nje. Kiatu sasa kinaonekana kama kimevaliwa kinyume. Yusto anasema hakuna mtu atakayekinunua. Nimemwambia hakiuzwi.

Jumamosi, 22 Juni

Leo nimetoboa. Soli ikipasuka, hakuna nyingine. Nilipima mara saba. Conjesta alikuwa amekaa kwenye benchi anavuta nyuzi za soksi yake, anajifanya hatazami. Keekee ikaingia, ikatoka. Nikasogeza kibati nyuma, upana wa vidole viwili, nikafunga chuma. Kimeshika. Nimepima presha saa hiyo hiyo ili nesi aone: 174 kwa 101. Nilikuwa ninatoboa matundu mawili.

Jumatano, 26 Juni

Conjesta ameanza kujifunza kutoa mguu kwenye pedali. Kunasa ni rahisi, kutoka ndiyo elimu. Alisimama mbele ya soko, akasahau kupindisha kisigino, akaanguka yeye na baiskeli yake polepole kabisa, watu wakipata muda wa kuitana waje watazame. Mara nne. Wauza nyanya wamempa jina, Mama Gogo. Anainuka, anajipangusa, anawapungia mkono. Ningekuwa mimi ningehama mji.

Kwa kispana tumelegeza springi ya pedali, iachie mapema.

Ijumaa, 28 Juni

Kaanguka mara moja.

Jumamosi, 29 Juni

Hakuanguka. Wauza nyanya wamevunjika moyo.

Jumamosi, 6 Julai

Doa halipo. Leo alipanda kilima cha upande wa reli nami nikamfuata kwa miguu nikihema. Kazi ya mguu kwenye baiskeli nilijua ni moja tu, kukanyaga. Mguu wake ulikuwa unakanyaga ukienda chini, kisha unavuta ukirudi juu, haupumziki, haupotezi kitu. Ule butu, ule wa matambara, ulikuwa unavuta chuma kupanda mlima! Nilisimama katikati ya njia mpaka bodaboda akanipigia honi. Niliona treni ikifika hapa kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, lakini sikumbuki kama nilistaajabu hivi. 138 kwa 88, pamoja na kilima.

Jumatatu, 8 Julai hadi Ijumaa, 19 Julai

Baridi, ukungu, viatu. Ninaandika mara moja kwa siku zote, nesi atanisamehe. Kila anapopita nasema, "Vua soksi," na kila mara mguu ni mkavu. Lakini hizo ni safari fupi. Amesema haendi kwa daktari kabla ya kuendesha kutoka hapa hadi Njombe, njia nzima, kama anavyofanya kazini. Nimemwambia angoje daktari kwanza. "Nikimpelekea mguu uliokaa nyumbani, baba, nitakuwa nimeziba matundu."

Jumamosi, 20 Julai

Nilipanda pikapu ya Anold aliyekuwa anapeleka kreti tupu za parachichi Njombe, nikamwomba aende nyuma ya Conjesta kwa mwendo wake. Anold alinung'unika hadi Mtwango.

Baada ya Mtwango ukungu ulishuka mpaka tukawa tunaona taa yake ya nyuma tu, nyekundu, inapanda. Lami ilikuwa imelowa. Likatokea lori la mbao kutoka mbele na jingine likatupita sisi kwa honi, na lile la pili likambana pembeni. Akashuka kwenye kokoto. Gurudumu la mbele likacheza kushoto, kulia, kushoto. Nilifungua mlango pikapu ikiwa inatembea. Anold ananiambia nilipiga kelele, mimi sikumbuki.

Mguu wa kushoto haukutoka. Alikuwa amening'inia kwenye ule mguu, ameegemeza uzito wake wote pale, na ukashika. Baiskeli ikanyooka. Kisha kisigino cha kulia kikapinda kwenda nje, tak, mguu ukatua kwenye nyasi, akasimama wima kwenye ukungu anapumua moshi. Alitugeukia akainua mkono. Akanasa tena akaendelea.

Anold alisema, "Mzee, ile ni mashine."

"Ni mguu," nilimjibu, na nililia kidogo, naandika kwa sababu nesi alisema niandike nilikuwa ninafanya nini.

Kwao ni pembeni mwa mji wa Njombe, penye kitalu cha miche. Mama yake, Mama Telesia, alikuwa amepiga magoti anafungua plastiki kwenye miche iliyoshika. Conjesta alikaa juu ya kreti. Mimi nilipiga magoti kwenye udongo baridi, nikafungua mikanda, nikatoa kiatu, kisha soksi. Niliogopa kuugusa kama ninavyoogopa kugusa vitu vya altare.

Ulikuwa mkavu. Manyoya ya kondoo yalikuwa yameacha alama zake ndogo ndogo kwenye ngozi yote. Hakuna wekundu. Nilitafuta hadi pembeni, hadi nyuma, na hakuna.

Mama Telesia alikuwa amesimama juu yetu na mche mkononi. "Tangu siku ile ya moto," aliniambia, "kila jioni namuuliza kama umevuja. Miaka ishirini na minane." Aliutazama mguu wa mwanawe muda mrefu. Hakuuliza. Aliingia ndani akatuletea viazi vya moto.

Ijumaa, 26 Julai

Ilembula, kwa gari moja, yeye kwa daktari wake na mimi kwa presha. Daktari amemwambia aendelee na baiskeli, na kiatu alikishika yeye mwenyewe akakizungusha akamwita mwenzake aje kuona. Conjesta alitoka akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kitenge.

Mimi ni 132 kwa 84. Nesi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, foleni ikimsubiri. Alipofika mwisho akauliza, "Na yule dada?" Nikamwonyesha benchi. Alinipa daftari jingine.

Jumapili, 28 Julai

Leo, kwenda kanisani, nilifika kwenye kona ya reli nikageuka kumsubiri Oktavia kama kawaida yangu, na neno la kumsema nikiwa nalo tayari mdomoni. Nikautazama mwendo wake unavyokuja. Macho yangu yamezoea sasa. Alikuwa anakanyaga kwa ukingo wa nje, anaibia hatua, kiatu cha kulia kimelala upande. Ni vile vyeusi nilivyomshonea mwenyewe kwa mikono yangu, na ninavyojisifu navyo.

Nilifunga mdomo, nikamshika mkono, tukafika wakati wa komunyo.

Tuliporudi nilimwambia, "Mama Ronald, vua viatu."

"Una nini leo?"

"Vua na soksi."

Kidole gumba kimelala juu ya mwenzake. Kwenye kifundo chake kuna sugu ngumu kama harage, na chini yake nyama mbichi. Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu ubatizo wa Ronald, mwaka nilipomshonea pea ya kwanza. Ronald, mtoto wetu wa kwanza, ana miaka ishirini na mbili.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitazama pembeni, si kwa hasira. "Ungesema miguu ni mambo ya Mungu."

Nta ya Conjesta ilikuwa imebaki nusu kopo. Nimeipasha moto.

Presha sijapima. Nilikuwa nimeshika mguu wa mke wangu.